BARAZA YA MWALIMU: Mchele na Pepe za Ulimwengu wa Kompyuta



Mwezi uliopita tuliahidi kuendelea na mazungumzo yetu juu ya wasia na mirathi, lakini limezuka jambo ambalo tumeona halifai kungoja. Tunawaomba radhi waliokuwa wakiitazamia sehemu ya pili. Inshallah tutairudia mwezi ujao.

Jambo lenyewe ni hili. Ijumaa moja, baada ya sala, mama mmoja wa hapa hapa Barking alitusubiri nje. "Shikamoo, Mwalimu," alisema, na kabla hatujamaliza kuitikia marahaba, machozi yalikuwa yakimlengalenga. Alikuwa amejiwekea akiba ya nauli ya kwenda Tanga kumwuguza mamake. Siku alipofungua hesabu yake ya benki ili akate tikiti, alikuta pauni 460 hazimo. Hazikutoka kwa mara moja. Zilitoka kidogo kidogo, pauni tano leo, pauni kumi keshokutwa, kwa muda wa miezi mitatu. Zilikwenda katika mchezo mmoja wa kompyuta, na aliyezipeleka huko ni mwanawe wa kiume mwenye umri wa miaka 14. Alitumia kadi ya benki ambayo mama mwenyewe aliiingiza katika simu siku moja ili amnunulie zawadi ya Idi, kisha asikumbuke kuiondoa.

"Mwalimu," alituambia, "mwanangu amekuwa mwizi. Zungumza naye wewe. Babake yuko mbali, na mimi hanisikii."

Tulizungumza naye. Kijana hakukana. Ila alisema neno moja ambalo ndilo lililotufanya tuandike makala haya: "Mimi sikuwa nikicheza, Babu Mwalimu. Nilikuwa nikifanya biashara." Akatuonyesha daftari la shule lililopigwa mistari kwa rula. Upande mmoja ameandika bidhaa: kofia, mabawa, panga, wanyama wa kufuga, vyote vikiwa ni picha tu za ndani ya mchezo. Upande wa pili bei ya kununulia, wa tatu bei ya kuuzia, wa nne faida. Tulizipitia jumla zake zote na hatukuona kosa hata moja. Kwa mujibu wa daftari lile, pauni 460 za mamake zilikuwa zimezaa mali ya pauni 900 na ushei.

Hesabu ilikuwa sahihi, lakini mali yenyewe ilikuwa imekaa mahali isipoweza kutoka. Tena, wiki mbili kabla ya mama kugundua, wenye mchezo walikuwa wameifunga akaunti ya kijana kwa sababu aliuza baadhi ya vitu nje ya soko lao. Jambo hilo lilikatazwa katika masharti marefu ambayo yeye, kama wengi wetu, aliyakubali bila ya kuyasoma.

Kuhusu fedha za mamake hatukumung'unya maneno. Kuchukua mali ya mtu bila ya idhini yake ni dhuluma, hata akiwa ni mzazi na hata nia ikiwa ni kumrejeshea pamoja na faida. Alikiri na akamwomba mamake radhi mbele yetu. Lakini suala la pili, kwamba je, ile ilikuwa ni biashara au haikuwa, linahitaji maelezo marefu zaidi, kwa sababu linawahusu watoto wetu wengi, na baadhi ya watu wazima vilevile.

ULIMWENGU GANI HUU?

Kiswahili kimezoea kuziita barua ziendazo kwa njia ya kompyuta "barua pepe", na kwa kufuata mkondo huo wako wanaosema "ulimwengu pepe", yaani mahali pa kubuni ndani ya kompyuta ambapo mtu huingia kwa umbo la picha, akatembea, akazungumza na wengine, akajenga, akanunua na akauza. Wazee wetu waliolima mpunga wanalijua neno hilo kwa maana nyingine. Pepe ni punje iliyo na ganda zuri ambayo ndani haina kitu. Ukiitazama kwa macho hutaitofautisha na yenye mchele, na ndiyo maana tukaumbiwa ungo na upepo. Basi tushike ungo.

Ulimwengu wa namna hii uliovuma sana miaka iliyopita uliitwa Second Life, na ungalipo mpaka leo. Ulifunguliwa kwa umma mwaka 2003 na kampuni ya Linden Lab ya San Francisco, Marekani. Haukuwa mchezo wenye mshindi na mshinde. Mtu alinunua kipande cha ardhi ya picha, akajenga nyumba ya picha, akashona nguo za picha na kuwauzia wenzake kwa fedha iitwayo dola ya Linden, ambayo iliweza kubadilishwa kwa dola za kweli. Mwaka 2006 mwanamke mmoja mzaliwa wa China aishiye Ujerumani, Ailin Graef, aliyejulikana humo kwa jina la Anshe Chung, alitangaza kwamba mali yake ya humo imepita thamani ya dola milioni moja za Marekani, naye alianza kwa dola zisizofika kumi. Mwaka 2007 serikali ya Uswidi ilifungua humo ofisi yenye sura ya ubalozi wake. Dunia nzima ikadhani watu wanahama.

Hawakuhama. Miaka ikapita, wengi wakatoka, na mwezi Oktoba 2021 kampuni ya Facebook ikabadili jina lake kuwa Meta ikitangaza kwamba safari hii uhamaji umefika. Mwezi uliofuata kiwanja cha picha katika ulimwengu uitwao Decentraland kiliuzwa kwa thamani ya dola milioni 2.4. Mwaka wa pili bei za viwanja hivyo zikaporomoka, na idara ya Meta inayoshughulikia ulimwengu huo ikapata hasara ya zaidi ya dola bilioni 13 kwa mwaka huo wa 2022 peke yake. Wakubwa nao huvuna pepe.

MCHELE UPO

Hata hivyo tusiwe watu wa kulitupa jamvi lote kwa sababu ya doa. Sisi tunaoishi ughaibuni ndio wa mwisho kustahiki kusema kwamba mambo ya mbali si ya kweli. Mwezi Machi 2020, misikiti ya nchi hii ilipofungwa kwa sababu ya maradhi ya korona, tulisoma khitma kwa simu, tukatazama mazishi ya ndugu zetu wa Mombasa na Unguja katika kioo kidogo, na machozi tuliyoyatoa yalikuwa ya kweli.

Yuko kijana mmoja wa Norway, Mats Steen, aliyekuwa na ugonjwa wa kudhoofika misuli na aliyefariki mwaka 2014 akiwa na miaka 25. Wazazi wake walihuzunika wakidhani ameishi na kufa mpweke, kwa kuwa siku zake nyingi zilipita mbele ya mchezo uitwao World of Warcraft. Alipokufa waliandika habari za msiba, zikawajia salamu nyingi za rambirambi kutoka kwa watu wasiowajua, na baadhi yao wakasafiri kutoka nchi nyingine kuja kumzika. Kumbe humo ndani alikuwa na marafiki aliowasikiliza na kuwashauri kwa miaka. Mzazi anayemwambia mwanawe "hao si marafiki" aikumbuke habari hii kabla ya kusema.

Hata elimu ya dini imepita njia hiyo. Mwaka 2007 jamaa wa IslamOnline walitengeneza ndani ya Second Life mfano wa Makka ili mtu ajifunze hatua za Hija kabla ya kusafiri. Mwezi Desemba 2021 wasimamizi wa Misikiti Miwili Mitukufu nchini Saudia walizindua mpango wa kuwawezesha watu kulitazama Jiwe Jeusi kwa miwani ya kompyuta. Baadhi ya watu wakaanza kuuliza kama hiyo ni Hija. Mwezi Februari 2022 idara ya mambo ya dini ya Uturuki, Diyanet, ikajibu kwamba kuizuru Kaaba kwa njia hiyo kunaweza kuwa mafunzo lakini hakuwezi kuwa Hija, kwa kuwa Hija yataka mtu aende kwa mwili wake. Jibu hilo latufaa hata katika biashara: kila jambo lipewe kadiri yake.

MASWALI MANNE YA SOKONI

Wanazuoni wetu wa fikihi walikataza kuuza samaki angali majini na ndege angali angani. Hawakukataza kwa kuwa samaki na ndege si mali. Walikataza kwa kuwa muuzaji hana uwezo wa kumkabidhi mnunuzi anachomuuzia. Hilo ndilo waliloliita gharari. Kwa msingi huo tumemwekea kijana wetu maswali manne, na tunayaweka hapa ili yawafae wengine.

La kwanza: ardhi hii ni ya nani? Katika soko la Barking, ukiweka meza yako barabarani East Street, barabara si yako, lakini vitu vilivyo juu ya meza ni vyako. Katika ulimwengu wa kompyuta aghalabu barabara, meza na vitu vyote ni vya kampuni, nawe umepewa ruhusa ya kuvitumia. Yasome masharti, neno utakalolikuta mara nyingi ni "ruhusa", wala si "milki".

La pili: mlango wa kutokea uko wapi? Mlango wa kuingilia huwa ni mpana, kadi ya benki tu yatosha. Chukueni mfano wa Roblox, uliofunguliwa mwaka 2006 na unaojulikana na watoto wengi wa mitaa hii. Fedha yake huitwa Robux. Atakaye kuigeuza iwe fedha za kweli sharti awe na umri wa miaka 13 au zaidi, awe amekusanya angalau Robux 30,000, tena ziwe zile alizozichuma humo kwa kazi. Zile alizozinunua hazirudi. Na bei ya kununulia ni zaidi ya maradufu ya bei ya kuuzia. Duka la kubadilisha fedha lingefanya hivyo Kariakoo, watu wangelicheka wakapita. Masharti haya hayakufichwa, yameandikwa. Wako vijana wanaotengeneza michezo yao humo na kulipwa fedha nzuri, nasi hatuwakatishi tamaa. Lakini wao wanauza kazi ya mikono yao. Anayenunua kofia kwa kutumaini kwamba kesho itapanda bei anafanya jambo jingine.

La tatu: tukigombana, kadhi ni nani? Mwaka 2006 mwanasheria mmoja wa Pennsylvania, Marc Bragg, aligombana na wenye Second Life juu ya kiwanja alichokipata kwa bei ya chini kwa njia waliyosema si halali. Wakaifunga akaunti yake pamoja na mali yake yote ya humo. Alipoishtaki kampuni, ilimwambia kwamba alikwisha kubali kutokwenda mahakamani. Mwezi Mei 2007 jaji alikataa kumbana kwa sharti hilo akiona halikuwa la haki, na baadaye pande mbili zikapatana. Bragg alikuwa mwanasheria. Mtoto wa miaka 14 wa Barking atamshtaki nani? Ni kweli kwamba mwezi Desemba 2025 nchi hii ilipitisha sheria inayosema kitu hakikosi kuwa mali kwa sababu tu kiko katika kompyuta. Ni hatua njema, lakini sheria hiyo haitafuti masharti uliyoyakubali kwa kidole chako.

La nne: faida yatoka wapi? Swali hili ndilo linalowahusu wakubwa zaidi ya watoto. Ndani ya Second Life kulikuwa na benki iitwayo Ginko Financial iliyoahidi riba ya zaidi ya asilimia 40 kwa mwaka. Mwezi Agosti 2007 ilianguka, na waliokuwa wameweka fedha wakapoteza kiasi cha dola 750,000 za kweli. Januari 2008 kampuni ikapiga marufuku benki zisizo na leseni. Kwa Mwislamu, neno riba peke yake lingetosha kumfukuza. Lakini wako wanaokimbia neno wakaingia katika jambo lile lile likiwa limevaa kanzu nyingine. Kwetu Tanzania tuliona DECI, iliyowaambia watu wapande mbegu wavune, mpaka serikali ilipoisimamisha mwaka 2009. Mwezi Februari 2025 polisi wa Tanzania waliwakamata watu kwa tuhuma za upatu uliojiita Leo Beneath London, uliowaahidi watu malipo kwa kutazama matangazo ya filamu katika simu baada ya kutoa kiingilio. Jina la mji wetu huu lilitumika kama ubani wa kuwavutia. Basi ndugu wa nyumbani akikuuliza juu ya kampuni ya "huko kwenu London", usinyamaze kwa kuona haya kwamba huijui. Mwambie wazi kuwa huijui, na umwulize swali hili la nne: kama hakuna kitu kinachouzwa, malipo yatatoka katika mfuko wa nani isipokuwa wa atakayeingia nyuma yako?

MASHAURI KWA WAZAZI

Ondoeni kadi ya benki katika simu na kompyuta za watoto, na wekeni neno la siri katika kila ununuzi. Kama fedha zimekwisha toka, msinyamaze kwa fedheha. Tangu Januari 2014 wasimamizi wa biashara wa nchi hii walitoa kanuni kwamba malipo ndani ya michezo yasichukuliwe bila ya mwenye kadi kuridhia kwa kujua. Mwezi Desemba 2022 tume ya biashara ya Marekani iliifanya kampuni ya Epic Games, yenye mchezo wa Fortnite, ikubali kulipa dola milioni 245 za kuwarejeshea wateja ambao ilisemekana walinunua bila ya kukusudia, wakiwamo wazazi. Andikeni barua, wekeni tarehe na kiasi, ombeni. Kijana na asaidie kuiandika. Kiingereza chake aghalabu ni bora kuliko chetu, na atajifunza kuwajibika.

Pia keti naye. Mwambie akuonyeshe alichokijenga. Usimwulize kwa sauti ya polisi. Mzazi asiyeijua nyumba ambayo mwanawe hushinda humo hatajua siku ambayo mgeni mbaya amebisha hodi. Na wakati wa sala na wa kulala, mashine yote izimwe, pamoja na ya baba na mama.

NENO LA MWISHO

Tulipomaliza maswali yetu manne, kijana alinyamaza kidogo, kisha akatuuliza na yeye: "Babu Mwalimu, mjomba wangu ana duka la nguo, na nyumba ni ya kupanga. Mwenye nyumba akimtoa, si ni yale yale?"

Swali zuri, na lilitushika. Tulimwambia kwamba mjomba atapakia kanga na kanzu zake garini aondoke nazo, na akidhulumiwa iko mahakama. Lakini moyoni tulijua kwamba amegusa jambo tunalolijua watu wa rika letu. Wako kati yetu waliotoka Uganda mwaka 1972, Idi Amin alipowapa Wahindi siku 90, wakaacha maduka yenye mali tele, na funguo zikabaki mlangoni. Mali ya kweli nayo huondoka. Kilichovuka bahari pamoja nao ni ujuzi wa kazi, uaminifu wa jina, na kuweka hesabu vizuri. Kwa hayo walianza upya katika nchi hii.

Kwa hiyo tulimrejeshea daftari lake. Tulimwambia kwamba katika yote aliyoyapata kule, safu zile nne zilizonyooka ndizo mchele, na hakuna kampuni iwezayo kuzifunga. Mama aliandika barua akarejeshewa pauni 120. Kijana sasa anamsaidia mjomba wake dukani Jumamosi, saa zisizozidi tano na kwa kibali cha halmashauri kama sheria ya watoto itakavyo. Bibi wa Tanga, alhamdulillah, anaendelea kupata nafuu, ingawa binti yake bado hajamwona.

Tulipolitazama daftari mara ya mwisho, kulikuwa na ukurasa mpya uliopigwa mistari kwa rula. Juu ameandika: "Deni la Mama, pauni 340." Chini yake kulikuwa na malipo mawili.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu atujaalie riziki ya halali na watoto wema. Wabillahi tawfiq.